Amani ya moyo inaibiwa wapi: kwenye tunachotazama, wingi wake, au saa tunayotazama?

#1 MzeeWaUsharika
Bwana Yesu asifiwe, wana jukwaa. Naandaa somo la vipindi 4 kwa vijana na wanandoa, saa moja kila kipindi, kuhusu simu, televisheni na utulivu wa moyo. Lalamiko linalokuja kwa wazee wa kanisa ni lilelile: mtu anasali, anasoma Neno, haibi wala hazini, lakini akilala kichwa kinaendelea kucheza klipu za ajali, mabishano ya kwenye magrupu na picha za harusi za watu wasiomjua.

Andiko la msingi ni Wafilipi 4:6-8. Wengi wanakariri mstari wa 7, amani ipitayo akili zote, na kuukata uzi hapo. Mstari wa 8 ndio wenye kazi: yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema, "yatafakarini hayo". Hakuna atakayetafakari asichokiingiza kichwani.

Msimamo wangu ni huu: kinachowaibia wengi amani si uchafu ulio wazi. Huo kila mtu anajua ni dhambi na anaukimbia au anauficha. Kinachoiba ni kitu halali kilichozidi kipimo. Naomba mnipinge kwa hoja, na mwenye mbinu inayofanya kazi aitaje hatua kwa hatua.

#2 Mlinzi_wa_Boma
Amen mzee. Nyongeza moja tu. Kwenye mstari wa 7, neno "itawahifadhi" kwa Kigiriki ni neno la kijeshi, la askari wanaolinda mji. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi na askari wastaafu walipewa ardhi pale, kwa hiyo wasomaji wa kwanza waliona lindo lenyewe mbele ya macho. Lindo halizuii kila apitaye njiani. Linauliza: wewe ni nani, unatoka wapi, umebeba nini? Mafundisho mengi yanashindwa kwa sababu yanajenga ukuta usio na lango, na vijana wanaruka ukuta.

#3 Mama_Tumaini
Sikubaliani na #1 kwamba uchafu ulio wazi ni jambo dogo kwenye hili. Zaburi 101 Daudi anasema amefanya agano na macho yake asimtazame msichana. Jicho likishaona, picha haifutiki kwa maombi ya dakika 2. Anza na kinachoingia, mzee. Wingi na saa ni mambo ya baadaye.

#4 Katekista
Mama, agano na macho ni la Ayubu, sura ya 31 mstari wa 1. Zaburi 101:3 ndiyo inayosema hataweka neno la uovu mbele ya macho yake. Yanafanana lakini hayalingani. Ayubu anazungumzia kutazama. Zaburi inazungumzia kuweka, yaani mtu mwenyewe kukiandaa kitu na kukiweka mbele yake. Kwa somo la simu, la Zaburi ndilo zito zaidi, kwa sababu simu ni kitu unachokiweka mwenyewe kando ya mto.

#5 Mama_Tumaini
Asante Katekista, nimesahihishwa. Hoja yangu inabaki palepale.

#6 Muuguzi_wa_Zamu
Mimi natazama upande wa mwili. Wengi wanaosema "moyo hautulii" wanaeleza dalili za mtu asiyelala vizuri, na asiyelala hukasirika upesi, hulia upesi, na kila habari kwake ni mbaya. Kabla ya kumkemea mtu kiroho, mwulizeni mambo manne: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, simu inalala wapi, na kahawa au chai ya mwisho anakunywa saa ngapi. Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5, kwa hiyo chai nzito ya saa 2 usiku bado ina nguvu saa 7.

Hatua zenyewe:
Amka saa ileile kila siku, hata Jumamosi. Hii ndiyo inayorekebisha saa ya mwili kuliko saa ya kulala.
Simu ikae sebuleni. Nunua saa ya mezani inayotumia betri, maana kisingizio cha kwanza ni "naitumia kuniamsha".
Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, inuka, kaa kwenye kiti, taa hafifu, soma kitu cha karatasi, rudi usingizi ukija. Ukigaagaa saa nzima mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Kinachoharibu sana ni bando za usiku. Zinauzwa kwa bei nafuu, mtu anaona ni hasara kulala zikiwa hazijaisha. Anaokoa hela kidogo na kupoteza usingizi wa saa 3.

Mwenye shida ya usingizi angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, au huzuni nzito isiyoondoka wiki 2, aende hospitali. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari havigombani.

#7 Fundi_Mipangilio
Habari za humu. Dada Muuguzi kanifungulia mlango. Mipangilio ninayoielekeza kwa watu wa kanisani ni hii, na utaratibu una maana:

1. Pima kwanza, usibadilishe kitu kwa siku 7. Simu nyingi za Android na iPhone zina sehemu ya muda wa skrini kwenye mipangilio. Angalieni mtego wake: inahesabu muda programu ikiwa wazi mbele ya macho. Mahubiri au redio inayocheza skrini ikiwa imezimwa kwa kawaida haihesabiwi.

2. WhatsApp: ingia Mipangilio, kisha hifadhi na data, kisha upakuaji wa picha na video. Ondoa alama zote kwenye data ya simu na kwenye Wi-Fi. Kuanzia hapo hakuna klipu ya ajali inayojipakua kwenye ghala lako la picha bila wewe kuigusa. Magrupu yasiyo ya lazima yanyamazishe kwa "daima", kisha yahifadhi kwenye kumbukumbu. Nyamazisha pia status za watu zinazokuchoma.

3. YouTube: zima kucheza video inayofuata. Kisha sitisha historia ya kutazama na futa iliyopo. Tangu 2023, historia ikiwa imezimwa na hakuna ya nyuma, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu. Utatafuta unachokitaka kwa jina.

4. Uchafu: Android 9 kwenda juu ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Andika family.cloudflare-dns.com kisha hifadhi. Inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwenye simu nzima, kwa data na Wi-Fi. Haiwezi kuzuia kilicho ndani ya Telegram, X au WhatsApp, kwa sababu huko picha zinapita mlango wa programu yenyewe. VPN nayo inaweza kuiruka kabisa. Na ukiunganisha Wi-Fi ya hotelini yenye ukurasa wa kuingilia, huenda ikagoma. Izime kwa muda, ingia, irudishe. Wengi wanaizima hapo na hawairudishi tena.

#8 Mama_Tumaini
Fundi, barikiwa. Namba 4 naiprinti leo.

#9 KijanaWaKwaya
Fundi ukishashika mipangilio hatulali sote 😄. Lakini swali: mipangilio inabadilisha moyo? Yesu amesema kwenye Marko 7 kwamba kimtiacho mtu unajisi ni kile kimtokacho. Mtu mwenye wivu ukimzimia status za wenzake, atauona wivu sokoni. Mithali 14:30 inasema husuda ni ubovu wa mifupa, haikusema husuda ni kosa la dirisha.

#10 Mlinzi_wa_Boma
Kijana, umegusa penyewe, ila usiitenge Marko 7 na Mithali 4:23, "linda moyo wako kuliko yote uyalindayo". Kama kingiacho hakina athari kabisa, moyo ungelindwa dhidi ya nini? Na kwenye Marko 7 mjadala ni wa mikono isiyonawa na vyakula, siyo maonyesho.

Mfano wa zamani unaokaa vizuri na somo la vijana ni Alipio, rafiki wa Augustino. Augustino ni Mwafrika mwenzetu, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Algeria. Anasimulia katika Maungamo, kitabu cha 6, jinsi Alipio alivyokwenda Roma kusoma sheria. Aliyachukia mapigano ya watu uwanjani. Wenzake wakamburuta, akawaambia: mwili mnaweza kuupeleka, macho yangu hamtayapata. Akakaa amefumba. Mpiganaji mmoja alipoanguka umati ukapiga kelele, Alipio akafumbua macho aone kuna nini, na hapohapo akanyweshwa ule ukatili. Siku nyingine alirudi mwenyewe na akawavuta wengine. Augustino anasema laiti angeziba na masikio.

Angalieni alivyoanguka. Hakuingia kwa tamaa, aliingia kwa kujiamini, na kilichomfungua macho ni kelele za watu. Leo kelele hizo ni "mmeiona ile klipu?"

#11 Katekista
Mfano mzuri. Na unaipinga #1 kidogo: Alipio hakuzidisha kipimo, alitazama mara moja.

#12 MzeeWaUsharika
Nakubali imenipiga. Lakini ile mara moja ilizaa nyingi. Endeleeni.

#13 Mtunza_Sabato
Heri kwenu. Kwetu jibu la wingi ni siku, siyo programu. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi skrini za kidunia zinazimwa. Shida haiko kwenye saa 24 zenyewe, iko kwenye kingo. Asiyejiandaa anaingia Sabato na simu mkononi akisema "namalizia hiki". Maandalizi yanayofaa: Ijumaa kufikia saa 10 jioni umeme, vocha na malipo yote yamekwisha shughulikiwa. Wajulishe ndugu mapema. Kwenye Android washa hali ya usisumbue, ruhusu simu za watu uliowawekea nyota, na washa sehemu ya anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15, simu yake ya pili iite. Hivyo dharura inapita, umbea haupiti.

Na msiiache siku tupu. Kutembea na watoto, kutembelea wagonjwa, nyimbo. Mathayo 12:43-45 ile nyumba iliyofagiwa na kupambwa ilikuwa na kosa moja tu, ilikuwa tupu.

#14 KijanaWaKwaya
Hiyo ya nyumba tupu ndiyo inayoua mifungo ya mitandao. Mtu anafuta programu 5 Jumatatu, Alhamisi anazo 6.

#15 Katekista
Wamonaki wa jangwani Misri waliijua hali hii kabla ya umeme. Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliorodhesha mawazo mabaya 8, na moja ni akedia, uchovu wa roho. Anaeleza linavyomshika mmonaki kuanzia saa 4 hadi saa 8 mchana: jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa 50, anachungulia dirishani tena na tena, anatoka nje kutazama jua limebakiza kiasi gani kufika saa 9, saa ya chakula, anaangaza huku na huku labda kuna ndugu anayekuja. Walihesabu saa kutoka mapambazuko kama sisi Waswahili, kwa hiyo saa 4 yake ni saa 4 yetu ya asubuhi hasa.

Yule mtu anayefungua simu, anafunga, anafungua tena bila ujumbe kuingia, anachungulia dirisha lile. Dawa ya Evagrio ilikuwa kubaki kwenye chumba na kumaliza kazi ya mkono uliyoianza. Ndiyo maana naona chanzo si kinachotazamwa wala saa. Chanzo ni kutovumilia kuwa mahali ulipo.

#16 Muuguzi_wa_Zamu
Saa 4 hadi saa 8 kwa mtu anayekula mlo mmoja saa 9? Hiyo ni njaa na joto la mchana, Katekista.

#17 Katekista
Inaweza kuwa njaa pia, dada. Evagrio asingekataa kwamba mwili unashiriki. Lakini wenye kushiba nao wanachungulia.

#18 Goma_Kwetu
Salamu toka Kivu. Ninyi wote munaongea kama habari ni kitu cha kuchagua. Huku, Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, habari ilikuwa ni kujua barabara gani inapitika na wapi maji yanapatikana. Ukizima simu unaweza kuelekea palepale penye risasi. Sasa mtu wa namna hiyo mutamwambia "tafakari yenye kupendeza"? Nauliza kwa moyo safi, sipendi somo lenye kumhukumu anayeishi vitani.

#19 Mlinzi_wa_Boma
Pole sana ndugu, na asante. Ndiyo maana nikasema lindo, siyo ukuta. Orodha ya Paulo inaanza na "yaliyo ya kweli" kabla ya "yenye kupendeza". Barabara iliyofungwa ni jambo la kweli. Tena Paulo mwenyewe aliandika haya akiwa kifungoni, Wafilipi 1:13, hakuwa mahali pa starehe.

#20 Mama_Tumaini
Na Yesu alituambia tusisikilize habari za vita.

#21 Katekista
Hapana mama, Mathayo 24:6 inasema mtasikia habari za vita na matetesi ya vita, angalieni msitishwe. Kusikia hakukukatazwa. Kutishwa ndiko kulikokatazwa. Zaburi 112:7 iko hivyohivyo: "Hataogopa habari mbaya, moyo wake u imara ukimtumaini Bwana." Habari mbaya zinamfikia, moyo haung'oki.

#22 Goma_Kwetu
Asanteni. Basi niongeze namna inayosaidia wenye kuwa katika hali yetu. Chagua chanzo 1 cha redio na watu 2 unaowajua kwa sura, walio mitaa tofauti. Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa ipo tangu 2002 na inatangaza kwa Kiswahili pia. Magrupu 40 yanarusha video ya mwaka mwingine, nchi nyingine, na mtu anakimbia mvua isiyonyesha. Kabla ya kuamini ujumbe uliza vitu 3: nani ameona kwa macho, wapi hasa, saa ngapi. Ukikosa kimoja, usiutume. Na ukishapata unachohitaji kwa kuamua, kaa au toka, weka simu chini ulinde betri. Picha za maiti hazisaidii kuamua kitu, usizifungue. Hizo ndizo zinarudi usiku.

#23 Fundi_Mipangilio
Hii ya ndugu wa Goma iwekwe juu ya uzi. Nyongeza: kwenye WhatsApp ujumbe wenye mishale miwili umesambazwa mara nyingi, na tangu 2020 hauruhusiwi kusambazwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati. Ukiuona mshale pacha jua aliyekutumia karibu hakika si shahidi.

#24 Katekista
Kwa Walutheri humu, Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwenye amri ya nane haikatazi uongo tu, inaagiza tumtetee jirani, tumseme vizuri, tuyafasiri mambo yake kwa wema. Nusu ya yanayosambazwa ni habari za aibu za mtu fulani. Hata kama ni kweli, ukiisambaza umevunja amri, na moyo unajua, ndiyo maana hautulii. Kuna amani inayopotea kwa kutazama, na kuna inayopotea kwa kubonyeza "tuma".

#25 Mwana_wa_Uamsho
Tukutendereza, wapendwa. Mnatafuta chanzo mbali. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, wangeuliza swali moja: unatembea nuruni? 1 Yohana 1:7. Anayetazama kitu na kukificha hata kama ni mpira tu, amani inaondoka kwa sababu ya kificho chenyewe. Toa siri, amani inarudi kabla hata hujabadilisha mpangilio wowote.

Njia: watu 2, jinsia moja, siku moja ya wiki, dakika 20, simu zote mbili mezani. Kila mmoja afungue ukurasa wa muda wa skrini mwenzake auone. Maswali 3 tu: ulitazama nini usichotaka nikijue, ulitazama saa ngapi, ulifanya nini baadaye? Kisha sala. Namba ya siri ya kufungulia kizuizi aishike mwenzako.

#26 Muuguzi_wa_Zamu
Naunga mkono wawili. Siungi mkono kuungama mbele ya kikundi cha watu 15. Likitoka nje linazaa umbea, na aliyeumizwa hapo hafungui mdomo tena.

#27 Mwana_wa_Uamsho
Dada, umbea ulikuwepo na wazee waliujua, waliukemea palepale. Lakini kwa kizazi cha kurekodi sauti, sawa, wawili watosha.

#28 DadaWaMombasa
Hamjambo. Hakuna aliyetaja kwamba mahubiri yenyewe ndiyo yanawaondolea watu amani. Fungua mtandao usiku: unabii wa vifo vya mwaka huu, ishara 7 kwamba umerogwa na shangazi yako, kutoa mapepo kwa kelele, mwisho wa dunia na tarehe. Mama anasikiliza hayo saa 4 usiku akidhani analisha roho. Asubuhi hamsalimii wifi yake. Hii ni "ya Kikristo" lakini ipitishe kwenye orodha ya Wafilipi 4:8 uone. Ni ya kweli? Ya haki kwa huyo shangazi? Ina sifa njema?

#29 MzeeWaUsharika
Hii sikuwa nimeiweka kwenye somo. Dada, mtu atapimaje bila kuwa msikilizaji mwenye kuhukumu kila mhubiri?

#30 DadaWaMombasa
Vipimo vinavyoshikika: anafafanua andiko au anasoma mstari 1 na kuondoka nao? Anamtaja adui ndani ya familia yako? Hofu inaisha kwa toba na tumaini, au kwa namba ya kutuma sadaka? Na sikiliza mahubiri hadi mwisho mchana, ukiwa umekaa, Biblia mkononi. Klipu ya sekunde 40 iliyokatwa usiihesabu kuwa mahubiri. Wakati mwingine hata mhubiri mwenyewe hakusema vile, kakatwa katikati.

#31 Mama_Tumaini
Lakini dada tusizime karama. Unabii upo.

#32 DadaWaMombasa
Upo mama, na 1 Wathesalonike 5:20-21 imeviweka pamoja: msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.

#33 Katekista
Kipimo kingine, na nadhani kinaunganisha wengi humu ingawa hakimalizi ubishi. Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alivunjwa mguu na mzinga Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita, nyumbani hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anawaza zamu kwa zamu: mara ushujaa na bibi mmoja mkubwa, mara kuwafuata watakatifu. Yote mawili yalimfurahisha wakati anawaza. Tofauti ilikuja baadaye. Ya kwanza yalimwacha mkavu, ya pili yalimwacha na furaha iliyobaki. Somo: usijipime wakati unatazama, utajidanganya. Jipime baada ya kuzima.

Daftari la siku 7 basi liwe na safu 4: saa, kitu, dakika, na hali nusu saa baada ya kuzima. Hali iandikwe kwa alama tu: + nimetulia, 0 hakuna, − mkavu au nimechafukwa. Kosa la kawaida ni kujaza safu ya nne usiku kwa kukumbuka. Ijazwe papo kwa papo.

#34 KijanaWaKwaya
Na mpira? Timu ikifungwa nina − hadi Jumanne.

#35 Mtunza_Sabato
Basi daftari limekwambia kitu kijana wetu, lisikilize 🙂

#36 KijanaWaKwaya
Nimekusikia mzee. Ila natetea: baada ya dakika 90 mpira unaisha. Mitandao haina kipenga cha mwisho. Nafikiri hapo ndipo ilipo siri, kitu chenye mwisho hakiibi kama kisicho na mwisho. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, taarifa ya habari ya saa 2 usiku inaisha, kaseti ilikuwa inaisha.

#37 Fundi_Mipangilio
Umesema kitu kikubwa. Kwa hiyo kanuni ya fundi: tafuta kilekile chenye mwisho. Habari, soma maandishi mara 2 kwa siku, dakika 15, usitazame mtiririko wa video. Muziki, pakua nyimbo 12 za kwaya, usiache redio ya programu ikuchagulie. Watoto, weka katuni 2 kwenye flashi badala ya kuwapa YouTube. Kwenye king'amuzi weka namba ya siri kwa chaneli za watu wazima, na kumbuka kubadilisha ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, watoto wanaijua kukuzidi.

#38 Mama_Tumaini
Msemo wa Mithali, huwezi kuzuia ndege kuruka juu ya kichwa chako, unaweza kuwazuia wasijenge kiota.

#39 Mlinzi_wa_Boma
Mama mpendwa, haumo kwenye Mithali wala kwenye Biblia yoyote 😊. Ni msemo wa wahubiri. Lakini ni mzuri. Mimi swali langu ni nani anayewatupia ndege chakula.

#40 Goma_Kwetu
Kingine kinachoiba amani ni kusikia shida na kutofanya kitu. Ukisikia habari 30 za mateso na hukufanya tendo hata 1, moyo unakufa ganzi au unapasuka. Watu wa huku wanasema kwa somo lenu: kila mara mukisoma habari, chukua 1, iombee kwa jina la mahali, kisha fanya tendo 1 dogo, pigia mtu wa huko, toa sadaka kwa wakimbizi kupitia parokia. Zingine 29 mwachie Mungu, hamukuumbwa kuzibeba.

#41 Muuguzi_wa_Zamu
Hii inakubaliana na ninavyoona kwa wagonjwa. Anayepewa kazi ya kufanya hutulia kuliko anayekaa kusubiri.

#42 MzeeWaUsharika
Nimejaza kurasa 9. Hadi hapa nina majibu yasiyoelewana: kinachoingia (Mama), usingizi (Muuguzi), kificho (Mwana wa Uamsho), kutovumilia kukaa (Katekista), kukosa mwisho (Kijana), kukosa tendo (Goma). Yangu ya kipimo sijaiacha, 1 Wakorintho 6:12, vitu vyote ni halali lakini sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Kipindi cha kwanza nitawagawia daftari la safu 4 na kila mtu arudi na lake, nisiwaamulie kabla. Swali la mwisho: baada ya siku 7, wafuatilieje badiliko bila kuandika kila kitu milele?

#43 Katekista
Tumia karatasi ya Ignasio. Chagua jambo 1 tu, kwa mfano "kushika simu kabla ya sala ya asubuhi" au "kusambaza nisichokihakiki". Chora jozi 7 za mistari ya mlalo, jozi moja kwa kila siku: mstari wa juu kwa asubuhi hadi mchana, wa chini kwa mchana hadi usiku. Kila unapoanguka weka nukta. Jozi ya siku ya kwanza iwe ndefu, ya siku inayofuata fupi kidogo, hadi ya 7 iwe fupi kabisa, yeye aliichora ikipungua namna hiyo. Jioni linganisha jozi, mwisho wa wiki linganisha wiki na wiki. Dakika 3 zinatosha.

#44 KijanaWaKwaya
Na nukta zisipoenea kwenye mstari wa siku ya 7?

#45 Katekista
Ziandike pembeni, usirefushe mstari. Na karatasi ikae ndani ya Biblia ya karatasi kwenye Zaburi 4, ule mstari wa 8 wa kujilaza kwa amani, siyo kwenye simu.

#46 Mama_Tumaini
Nimeshachora. Wa kwanza ni wa asubuhi kabla ya sala.